Gari Lililonyamazishwa

Kila Jumamosi Megha alifuatana na baba yake kwenda dukani Gerezani. Kazi zake zilikuwa zile zile: kufagia vumbi, kupanga bisibisi na koleo mahali pake, kisha kukaa ndani ya magari ya wateja na kubonyeza alichoambiwa abonyeze. Baba yake, Bwana Yogesh, alikuwa fundi wa kufunga ving'ora vya magari, na kazi hiyo ilikuwa imechangamka kwelikweli. Tangu biashara iliporuhusiwa kwa kila mwenye uwezo, magari yaliyotumika yalimiminika kutoka Japani na Dubai. Wezi nao hawakulala. Basi kila aliyenunua gari alitaka lipige kelele likiguswa, na Kariakoo ikajaa milio hiyo kutwa kucha, hata watu wakaacha kugeuza shingo.

Jumamosi hii ilikuwa mkesha wa Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu inayowafungulia mwaka mpya. Bwana Yogesh alikuwa na desturi aliyoirithi kwa baba yake: kazi ya mtu isilale dukani ikavuka kuingia mwaka mpya. Kiporo cha kazi, alisema, huleta mkosi. Asubuhi ile kilikuwa kimebaki kiporo kimoja tu, gari jeupe lenye vioo vya giza, mali ya Mama Ansbert, muuzaji wa jumla wa Mtaa wa Sikukuu. Na hilo moja lilikuwa na vituko vya kutosha magari kumi.

King'ora chake kililia bila kuguswa. Milango yake ilijifunga yenyewe, tak! bila mtu kubonyeza rimoti. Bwana Yogesh akaanza kuutafuta ugonjwa. Alikaza nyaya za betri, king'ora kikalia. Alibadilisha betri ndogo ya rimoti; kikalia. Alizichomoa swichi za milangoni, zile zinazowasha taa ya ndani mlango ukifunguliwa, akazisafisha moja moja na kuzirudisha. Gari likatulia. Baba na binti wakatazamana, wakatabasamu. Kisha Megha akaubamiza mlango wa dereva, na gari likaanza mayowe upya.

"Ni mlango huu, Pappa," Megha alisema. "Mingine nikiibamiza hakilii."

"Nimeona." Bwana Yogesh aligusa mpira mweusi uliokuwa kwenye bawaba, kati ya mlango na bodi ya gari. "Nyaya za mlango zinapita humu. Ili nizitazame lazima nivue kava lote la mlango. Hiyo ni kazi ya kutwa, na leo tunafunga mapema."

Akasimama akiitazama barabara. Halafu akafanya jambo ambalo kila fundi anajua kuwa si tiba. Alifungua boneti, akashika koleo, akaukata waya wa king'ora.

"Haya, bamiza sasa."

Megha aliingia kwenye kiti cha dereva, akaubamiza mlango. Kimya.

"Umeona? Limepona!"

Lakini Megha alikuwa amesikia tak! na mbele ya macho yake vijiti vya loki vya milango yote vilizama vyenyewe. Alikivuta kimoja juu, akatoka mbio.

"Pappa, halijapona! Milango imejifunga tena."

"Tutaitazama baada ya sikukuu."

"Lakini Pappa..."

"Megha! Kazi yangu niachie mimi. Mama Ansbert akija, mwambie gari liko tayari." Akaenda nyuma ya duka kunawa mafuta mikononi.

Mama Ansbert hakuchelewa. Jina lake hasa lilikuwa Mektilda, mama wa Kilimanjaro mwenye mwendo wa haraka na kicheko cha karibu. Mgongoni alikuwa amembeba Ansbert, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kuunga maneno.

"Shikamoo, Mama Ansbert."

"Marahaba, mwanangu. Eti hilo likelele langu limepona?" Akainama, uso wake ukawa karibu na wa Megha. "Niambie kweli, maana dada wa kazi amekwenda kwao. Huyu mdogo ndiyo nazunguka naye humo kutwa."

Megha alimtupia macho baba yake. Bwana Yogesh alikuwa amewapa mgongo, lakini mikono yake ilikuwa imeacha kunawa. Alikuwa anasikiliza.

"Limepona, mama," Megha alisema. "Kabisa."

Mama Ansbert akamfinya shavu, akamlaza mtoto kwenye kiti cha nyuma, akaondoka.

Mchana ule Megha alitundika mashada ya maua ya manjano mlangoni kwa ajili ya sikukuu. Mama yake alikuwa amewaletea bakuli la vitamu. Alikionja kimoja akakirudisha. Alijisemea kuwa watu wazima wanajua wanachokifanya. Alijisemea kuwa yeye ametumwa tu, na mjumbe hauawi. Hakuna hata neno moja lililomtuliza. Jua lilikuwa kali, bati la duka lilikuwa linaalika kwa joto, na yeye aliviona tu vile vijiti vikizama. Yeye alikivuta kimoja akatoka. Je, vidole vya Ansbert vingejua kuvuta?

Aliyaacha maua chini. "Pappa, nakwenda kwa Mama Ansbert kumwambia."

"Rudi hapa! Utatuaibisha mtaa mzima!"

Megha hakurudi. Alivuka Barabara ya Msimbazi akikimbia, akapita katikati ya wauza mitumba na mikokoteni. Alilikuta gari jeupe juani mbele ya duka la Mama Ansbert. Ndani ya duka mwenyewe alikuwa anahudumia wateja kutoka mikoani.

"Mama, Ansbert yuko wapi?"

"Si kalala kwenye gari? Nimemwachia mlango wa dereva wazi apate upepo. Nassibu yupo hapo anamwangalia."

Nassibu, mchukuzi wa mizigo, alitua katoni ya sabuni. "Mlango nimeufunga, mama. Mkokoteni ulikosa njia, ikabidi niubamize. Nikajua utakuja kuufungua."

Megha alibandika uso kwenye kile kioo cheusi. Ndani aliona funguo zikining'inia mahali pake, na Ansbert amelala chali kwenye kiti cha nyuma, mdomo wazi. Hakuwa analia. Hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Mama Ansbert alivuta kitasa, akavuta na cha pili. "Mbona limejifunga? Mbona halikulia?"

"Pappa alikata waya wa king'ora," Megha alisema. "Milango inajifunga yenyewe. Nilijua, mama. Nilikudanganya."

Nassibu hakungoja zaidi. Alinyakua jiwe la mizani, akavunja kioo cha mlango wa mbele upande wa abiria, akaingiza mkono. Joto lililotoka mle lilikuwa la tanuri la mikate. Mtoto alipotolewa, shingo yake ililegea, ngozi yake ilikuwa ya moto na kavu, macho yamepinda. Walimmwagia maji, hakushtuka. Mama Ansbert alipiga yowe moja, na mtaa huo uliozoea ving'ora ukageuka wote kumtazama. Jirani alileta pikapu, wakampakia mama na mwanawe, wakaenda hospitali.

Bwana Yogesh alifika akihema. Alikuta vipande vya kioo na binti yake amekaa chini kando yavyo. Hakuna aliyehitaji kumweleza lolote.

Kwao hawakuwasha taa za Diwali. Asubuhi ya sikukuu yenyewe, siku ambayo hakuwa amewahi kushika koleo maishani mwake, Bwana Yogesh alikwenda kulichukua lile gari, akalileta dukani, akavua kava la mlango. Ugonjwa ulikuwa pale pale kwenye bawaba. Mpira ulikuwa umepasuka, na ukingo wa bati ulikuwa umeila plastiki ya nyaya kidogo kidogo hadi shaba ikabaki uchi. Kila mlango ulipobamizwa, shaba iligusa chuma. Milango ikadhani imeamriwa ijifunge, na king'ora kikalia. Alibadilisha nyaya, akaweka mpira mpya, akaunganisha tena king'ora. Kisha akamwambia Megha abamize mlango, na abamize tena, hadi mikono ikamuuma. Vijiti havikuzama.

Mama Ansbert aliingia wakati huo, macho mekundu. Bwana Yogesh alikutanisha viganja kifuani, akainamisha kichwa.

"Nisamehe, dada yangu. Mtoto anaendeleaje?"

"Usiku amepata degedege. Alfajiri amefumbua macho, akaomba maji. Daktari anasema tusubiri." Akamgeukia Megha. "Baba yako sikumuuliza. Fundi gani atakuambia kazi yake mbovu? Nilikuuliza wewe."

Megha alilia bila kujificha.

"Na ni wewe uliyekuja mbio, hilo silisahau," Mama Ansbert aliendelea. "Ungeniambia mapema, mwanangu asingeyapata haya. Ungekawia kidogo, leo ningekuwa nazika. Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu. Basi jana kimetukosakosa."

Bwana Yogesh alimnyooshea funguo. "Sasa limepona."

Mama Ansbert alizitazama, hakuzipokea. "Naamini. Lakini mimi bado." Akajifunga khanga vizuri, akarudi hospitali kwa miguu.

Bwana Yogesh alizirudisha funguo mfukoni, akasema, "Ile kelele haikuwa ugonjwa, Megha. Kilikuwa kilio cha mgonjwa. Mimi nikamziba mgonjwa mdomo ili nimalize kazi, kisha nikakuziba na wewe. Kazi isiyokwisha ina aibu kidogo. Kazi unayosema imekwisha na haijakwisha, hiyo inaua. Kuanzia leo, kitu kisipopona sema hakijapona, hata kama ni mimi ninayekuambia nyamaza."

Megha aliitikia kwa kichwa. Kisha wakaingia wote wawili ndani ya gari, wakaanza kuokota vipande vya kioo vilivyobaki kwenye viti.