Kitambaa cha Mama na Mashine ya Billy

Mwaka ule uliofuata mvua za El Niño, nyumba ya Mzee Nicanor ilijulikana kwa sauti yake. Ilikuwa Kibera, hatua chache tu kutoka mtaa wa Ayany, na chumba chake cha mbele kilitazama njia. Ukipita hapo saa kumi jioni, ulisikia magari yakinguruma ndani. Breki zililia. Vijana walipiga kelele, "Kona! Kata kona, maze!" Lakini humo ndani hamkuwa na gari hata moja. Kulikuwa na kompyuta.

Mzee Nicanor alikuwa seremala. Kompyuta hiyo kuukuu alipewa na ofisi moja aliyoitengenezea makabati. Binti yake, Amondi, aliuza mitumba Soko la Toi. Kitinda mimba wake, Billy, alikuwa amemaliza kidato cha nne. Mama yao, Seline, alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Tangu siku hiyo Billy alikuwa kijana wa maneno machache. Alikula, akanawa, akalala.

Kompyuta ndiyo iliyomrudishia kicheko. Vijana walikuja kushindana naye katika mchezo wa mbio za magari. Walimwita Dere, yaani dereva, naye alicheka mpaka machozi yakamtoka. Amondi akirudi kutoka sokoni, alisimama kwanza nje ya mlango, mzigo ukiwa begani, amsikilize tu.

Marehemu mama yao alikuwa hodari wa kufuma vitambaa. Siku zile kila kitu nyumbani kilivaa kitambaa. Viti vilivaa, redio ilivaa, hata mtungi wa maji ulivaa. Kimoja, cheupe, kilikuwa na matamvua marefu, zile nyuzi zinazoning'inia pembeni. Ndicho alichokifuma mwisho. Amondi alikipenda kuliko vyote, naye aliamua kukivika kompyuta. Vumbi la Kibera halikuwa na adabu. Liliingia bila kubisha hodi.

Billy naye alikuwa na shida yake. Mashine ilikuwa ya polepole. Gari likifika kwenye kona, picha iliruka-ruka kama chura. Rafiki mmoja akamfundisha njia ya mkato. Ndani ya kompyuta kuna vipande vidogo vya plastiki vinavyoitwa jampa. Ukivihamisha, mashine hukimbia kupita mwendo iliopewa kiwandani. Billy alivihamisha. Gari lilipaa! Akaacha ubavu wa kasha wazi, ili mashine ipate hewa. Amondi alipouona ubavu ule wazi, alihofia vumbi. Akaushusha upande mmoja wa kitambaa, ukafunika pale.

Jumatano jioni, katikati ya mbio, moshi ulitoka. Kioo kikawa cheusi.

"Nilikuambia uache kufungua-fungua!" Mzee Nicanor aliwaka. "Mashine ya watu wa ofisi, wewe unaifanya mkokoteni!"

"Baba, nilitaka tu ikimbie."

"Ikimbie iende wapi? Sikiliza, nyathina." Nyathina, yaani mwanangu, ndivyo alivyomwita hata alipokuwa na hasira. "Anko wako Ojwang anarudi Muhoroni Jumapili. Ikifika Jumapili mashine hii haijaamka, utaenda naye mkakate miwa. Sitaki kijana wa kukaa bure."

Billy aliuchomoa waya wa kompyuta ukutani. Usiku huo hakula. Amondi alimtazama akilala ameukabili ukuta, akaona ule ukimya wa zamani umerudi na kuketi mahali pake.

Kesho yake Amondi alifunga kibanda mapema. Yeye na Billy walilifunga kasha kwa shuka, wakapokezana kulibeba hadi Kawangware kwa Kavindu, fundi wa redio na kompyuta. Kavindu alikuwa mama wa makamo kutoka Machakos. Wateja walimwita Mama Nzuki, kwa jina la mwanawe. Kibanda chake kilijaa redio zilizofunguliwa matumbo, na zote zilisubiri zamu.

"Sasa, Mama Nzuki?" Amondi alisalimu.

"Fiti sana. Mmeniletea mgonjwa ama maiti?"

"Hata sisi hatujui."

Kavindu alihakikisha waya wa umeme haujachomekwa. Kabla ya kugusa kitu ndani, aliweka mkono kwenye chuma cha kasha.

"Mnaona? Mtu akivaa sweta ya sufu, mwili wake hubeba umeme kidogo. Unaweza kuua kifaa bila kujua. Uguse hapa kwanza, umeme uishe."

Ndani kulikuwa na ubao mpana wa kijani. Kavindu aliuonyesha kwa bisibisi.

"Huyu ndiye mazabodi. Ni mama wa nyumba. Prosesa, ambayo ndiyo akili, inakaa kwake. Memori inakaa kwake. Kadi ya picha inakaa kwake. Wote wanakula kwa sufuria yake. Haya, Billy, prosesa yako kiwanda kiliipa mwendo wa mia moja sitini na sita. Wewe uliweka ngapi?"

"Mia mbili na nane," Billy alisema kwa sauti ndogo.

"Umepanda ngazi mbili kwa mruko mmoja! Na umeme je, uliongeza?"

"Kidogo."

"Kidogo, anasema! Sasa tazama hii mikebe midogo karibu na prosesa. Ni kapasita. Kazi yake ni kutuliza umeme. Kichwa chake kinatakiwa kuwa bapa kama sarafu. Hii imefura, na hii imepasuka. Lakini mbona feni haikuipoza?"

Alisukuma feni ya prosesa kwa kidole. Haikuzunguka. Akachukua koleo ndogo, akavuta. Ukatoka uzi mweupe, mrefu, umejikunja kama mdudu.

"Ala! Nani anafuma humu ndani?"

Amondi aliinama kuutazama. Aliujua uzi ule. Ulikuwa tamvua la kitambaa cha mama. Billy naye aliujua. Alimtazama dada yake, kisha akatazama chini.

"Labda ni panya, Mama Nzuki," alisema.

"Panya wa Kibera wanavaa nguo nyeupe?" Kavindu alicheka. Lakini aliuona uso wa Amondi, akaacha kuuliza. "Basi. Mwendo mkubwa huleta joto. Feni ikifungwa na hewa ikizibwa, joto halina mlango wa kutokea. Hayo mawili yakikutana, bodi haiponi."

Alichomoa prosesa, akaijaribu kwenye bodi yake mwenyewe. Iliamka. Memori nayo ilikuwa nzima. Bodi peke yake ndiyo iliyokufa. Kavindu aliinama chini ya meza, akatoa bodi tatu zilizotumika.

"Chagueni."

Amondi hakusita. Alichukua ile iliyong'aa kama sahani ya wageni. "Hii! Hii ni kama mpya."

"Dada, wewe unauza nini?"

"Mitumba, Toi."

"Na nguo unazichagua hivyo, kwa kung'aa?"

Amondi aliona aibu, kisha akacheka. "Hapana. Mimi nageuza nguo nje ndani. Natazama mishono. Nanusa kwapa."

"Basi fanya kazi yako!"

Amondi aligusa chuma kwanza, kama alivyoona. Akaigeuza bodi. Nyuma yake palikuwa na doa la kahawia, kama nguo iliyoachiwa pasi ya makaa. Aliinusa, akakunja pua.

"Hii ilitoa jasho sana."

"Umesema kweli! Imesuguliwa kwa brashi na petroli ili iuzike. Sasa hizo mbili."

Ya pili haikuwa na doa. Kapasita zake zilikuwa bapa. Lakini Billy, ambaye sasa alikuwa amesogea karibu, aliitazama kwa muda.

"Mama Nzuki, hii jampa zake hazina maandishi. Nitajuaje ngazi zake?"

"Hutajua. Utabahatisha. Na kubahatisha ndiko kulikokuleta hapa. Pia hesabu nafasi za memori."

"Mbili tu. Na haina vyuma vya kutoa joto."

"Ya kuandika barua, hiyo inatosha kabisa. Ya michezo, hapana."

Ya tatu ilikuwa na vumbi mpaka kwenye kona. Lakini Kavindu alipoipuliza, jedwali la namba lilionekana, limechapwa juu ya bodi yenyewe: sitini na sita, sabini na tano, themanini na tatu. Kijitabu chake kilikuwepo pia, kimefungwa kwa mpira. Ilikuwa na nafasi nne za memori, na vipande vya chuma vyenye mapezi, vya kutoa joto kwenye sehemu ya umeme. Palikuwa hata na mahali pa kuchomeka feni ya pili. Amondi aliigeuza. Mishono yake ilikuwa safi. Aliinusa. Ilinuka vumbi tu.

"Tundu la prosesa ni la aina yetu," Billy alisema. "Na kijitabu kinasema inatoa volti za prosesa yetu."

"Naona leo umejua kusoma," Kavindu alimtania. "Sasa sikia la mwisho. Namba hizi ni mwendo wa bodi; prosesa yako huuzidisha mara mbili na nusu. Ukiupandisha, si prosesa peke yake inayokimbia. Memori inakimbia, kadi ya picha inakimbia, hata diski. Mmoja akichoka, wote wanaanguka. Kwa hivyo anza na mwendo wa kiwanda. Kisha panda ngazi moja tu. Cheza saa nzima. Ikiganda au ikijizima, shuka. Volti usiguse. Na kama huwezi kuacha kidole kwenye chuma cha prosesa ukahesabu hadi tano, joto limezidi."

"Ndiyo, Mama Nzuki."

"Na tutaiwasha hapa kesho, siku nzima. Bodi ya mtumba haiaminiwi kwa dakika tano."

Kwa kazi yake na bodi ile Kavindu alitaka sweta mbili za shule za Nzuki, zisizo na shimo. Amondi aliahidi kumchagulia mwenyewe.

Jumamosi asubuhi mashine ilirudi Kibera. Kasha lilifungwa vizuri pande zote, na feni ya pili ilikaa nyuma ikisukuma joto nje. Billy aliiwasha kwa mwendo wa kiwanda. Kisha akaizima, akasoma jedwali la namba mara mbili, akapanda ngazi moja, hadi sabini na tano. Wakacheza saa nzima. Gari lilikata kona bila kuruka.

"Ongeza, Dere! Weka ile ya mwisho!" vijana walimhimiza.

Alijaribu. Baada ya dakika kumi picha iliganda. Vijana waliguna. Billy hakubishana na mashine. Aliizima, akarudi sabini na tano.

"Bodi imesema imefika mwisho," aliwaambia. "Na mimi nimesikia."

Mzee Nicanor alikuwa ameketi mlangoni akipiga msasa mguu wa kiti. Alisikia yote. "Leo imeamka," alisema. "Na wiki ijayo, akiichoma tena?"

Amondi alikuwa ameshika kitambaa cheupe mikononi. Upande mmoja tamvua lilikuwa limekatika. Tangu Alhamisi alikuwa na neno la kumwambia baba yake. Billy alimtikisia kichwa, kumwambia anyamaze. Lakini Amondi alikuwa amekwisha kusimama mbele ya baba yake.

"Baba, si Billy peke yake. Yeye alizidisha mwendo, ni kweli. Lakini mimi niliifunika kwa hiki, ikiwa inafanya kazi. Uzi ukaifunga feni. Billy alijua. Akasema ni panya."

Mzee Nicanor aliweka msasa chini. Alikichukua kitambaa, akapitisha kidole gumba mahali palipokatika.

"Seline angecheka," alisema mwishowe. "Yeye alitaka kufunika hata jiko." Akamtazama Billy. "Panya, eh?"

"Panya, Baba."

Wakacheka wote watatu. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka pamoja tangu msiba.

Jumapili Anko Ojwang alikuja na mkoba wake, tayari kwa safari. "Huyo mkata miwa wangu yuko wapi?"

"Keti kwanza, Anko," Billy alisema. "Endesha hata mara moja."

Ojwang aliketi, mkoba mapajani. Gari lake liliingia mtaroni. "Omera! Hii barabara imetengenezwa na nani?" Akarudia. Akarudia tena. Mkoba ukashuka sakafuni. Billy alisimama nyuma yake, akieleza breki, akieleza kona, maneno yakimtoka kama maji ya mfereji.

Mzee Nicanor alikuja na kiti kipya, akakiweka kando ya mashine. "Shemeji, utaachwa na basi," alisema. "Na kijana wangu, kama unavyoona, ana kazi. Utaenda peke yako."

"Hiyo basi ingoje kwanza niimalize hii kona," Ojwang alijibu bila kugeuka.

Baadaye, Anko alipokwisha kuondoka, Billy aliizima mashine. Amondi aliweka kiganja juu ya kasha, vile mama yao alivyokuwa akiwashika paji la uso walipokuwa wadogo, kujua kama homa imeondoka. Alingoja. Chuma kilipoa polepole chini ya mkono wake.

Kilipokuwa baridi kabisa, alikunjua kitambaa cheupe, akaifunika mashine.