Maji ya Magotini

Kila asubuhi katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, kabla ya shule, mimi Annuarite nilichota maji bombani, nikamwosha uso mdogo wangu Lwaboshi, huku Mama akitoa cherehani yake mlangoni. Tulikuwa tumekimbia vita kutoka Uvira, Kongo, na asubuhi zetu zilifanana zote, mpaka ile ya Julai 2001 nilipokwenda chooni nikaona damu.

"Mama, natoka damu!"

Mama akaacha cherehani, akanikumbatia. "Usiogope, mutoto wangu. Hiyo njo kukomaa. Sasa we iko mwanamke."

Siku hiyohiyo akanishonea vitambaa vya hedhi, na jirani yetu Mama Sabine akapiga vigelegele. Nami nikajiona mkubwa kweli! Nikamwamuru Lwaboshi awe ananipisha njia.

Lakini wiki ikapita, na ya pili ikapita. Damu ilikuja kidogo tu, kila nilipomaliza kukojoa, tena ikichoma kama pilipili. Vitambaa vyenyewe vikavu. Ndivyo wanawake wote wanavyoishi? Nilichanganyikiwa. Kumwuliza Mama niliona haya, baada ya vigelegele vyote vile, basi nikanyamaza nikiumia.

Jumamosi moja Lwaboshi, mtoto wa miaka saba, akatoka chooni mbio, kaptula magotini.

"Mama! Na mi natoka damu! Na mi nimekuwa mwanamke?"

Mama Sabine alicheka mpaka akakaa chini. Mama hakucheka. Alinigeukia mimi.

"Annuarite, yako inatoka wakati gani?"

Nikasema yote, nikilia.

Kwenye zahanati ya kambi, muuguzi Nibigira, mama wa Kirundi, alituuliza jambo moja tu: "Mliingia ziwani?"

Tuliingia, ndiyo. Wakati wa Pasaka, kanisa moja la mtaa wa Area 25, Lilongwe, lilitualika kwenda Ziwa Malawi, upande wa Salima. Mama akanionya kama alivyozoea kunionya Uvira: "Usiende mbali. Kaa na mdogo wako pale kwenye matete, maji ya magotini." Tukashinda humo tukiokota konokono.

"Hicho ni kichocho," akasema Nibigira. "Vijidudu hutoka kwa konokono hao, vikapenya ngozi. Hupatikana hasa kwenye maji yaliyotulia, penye majani."

"Lakini mimi nilitii!" nikapaza sauti. "Mbona nimeugua?"

Mama akainamisha kichwa. "Kosa ni langu. Kwetu niliogopa kilindi na mamba. Hapa sikuuliza mwenyeji hata mmoja."

Hospitali ya Lilongwe ilipima mikojo yetu, ikakuta mayai ya kichocho. Tuliporudi zahanatini, Nibigira akatusimamisha kwenye fimbo ya kupimia urefu, yenye alama za idadi ya vidonge vya kumeza kwa kila kimo. Lwaboshi akanyoosha shingo apate vingi, nikamkandamiza kichwa.

"Sikilizeni," akasema Nibigira. "Kilindi huzamisha, matete huleta kichocho. Ukifika kwenye maji ya wenyewe, waulize kwanza. Ukishaingia, baada ya miezi michache njoo upimwe. Nawe Annuarite, mficha maradhi kifo humuumbua. Jambo likikuuma, sema, hata kama watu wameshapiga vigelegele."

"Nimesikia, mama."

"Haya. Na siku ile, nguo zenu zilizolowa zilifuliwa wapi?"

"Palepale kwenye matete," nikajibu.

"Na nani?"

Mimi na Lwaboshi tukamtazama Mama. Alivua viatu, akaenda kusimama kwenye fimbo.