Jina Moja, Macho Manne

Kila mapumziko ya asubuhi Kasuku hukimbilia ofisini kumsaidia shangazi yake, karani wa shule. Waliompa jina hilo hawakukosea, maana mdomo wake haupumziki.

Siku hiyo shangazi alitaka majina ya wanafunzi wenye macho hafifu, ili daktari wa macho awaandalie kadi za miwani. Kasuku akaiuliza kompyuta. Majina yakamiminika, na kila moja limejirudia.

"Shangazi, mbona kila mtu yumo mara mbili? Mashine imechanganyikiwa!"

"Umechanganyikiwa wewe. Kila jicho lilipimwa peke yake, likaandikwa kwenye mstari wake. Iambie iondoe yanayojirudia."

Kasuku akabofya. Kila jina likabaki moja. Akachapa orodha, roho kwatu.

Daktari alipokuja, aliita jina moja wakasimama wavulana wawili. Majina yao yalikuwa sawa, hata la baba na la babu, ndiyo maana shule nzima iliwaita Mrefu na Mfupi.

"Kadi ni moja," daktari alisema, akimtazama huyu na yule. "Nani mwenyewe?"

"Mimi!" wakajibu pamoja.

Mrefu aliipata kwa kuwa alitangulia kumfikia daktari. Mfupi, ambaye hunakili ubao kwa kuchungulia daftari la jirani, akarudishwa darasani huku machozi yakimlengalenga.

Kasuku hakuelewa kitu. Alibofya sawasawa, sasa Mfupi amepotelea wapi? Angenyamaza, nani angejua? Lakini daktari alikuwa ameanza kufunga mkoba. Akatoka mbio hadi ofisini, akairudisha orodha ya mwanzo. Jina lile lilikuwa na mistari minne.

"Shangazi, huyu ana macho manne!"

"Au ni watu wawili. Uliiuliza nini?"

"Majina tu."

"Basi imekujibu majina tu. Ongeza namba ya usajili."

Akaongeza, akaondoa tena yanayojirudia. Jina likatokea mara mbili, kila moja na namba yake. Akatoka mbio kurudi kwa daktari.

"Daktari, subiri!" alipiga kelele uwanjani. "Kosa ni langu, nimemfuta mtu!"

Daktari akafungua tena mkoba. Mfupi akaitwa, akavalishwa vioo vya kujaribia, akageuka.

"Kumbe Kasuku una kidoti puani!"

Wote wakacheka. Shangazi, aliyekuwa amemfuata nje, akamshika Kasuku begani.

"Umefanya vizuri kusema mapema. Siku nyingine, kabla hujafuta vinavyofanana, hakikisha kwanza kwamba ni kitu kimoja. Kompyuta haimjui Mfupi. Wewe unamjua."