Mikono Kwenye Unga wa Tamale

Kila Desemba tunapika tamale, mikate ya unga wa mahindi inayopikwa kwa mvuke, nyumbani kwa mama yetu, Herminia. Mama anakanda unga, mimi napaka unga kwenye maganda ya mahindi, kaka yangu Casimiro anafunga. Anafunga vibaya, lakini tumemzoea.

Kazi yake ni kuandika michezo ya kuigiza. Anaandika juu ya watu wa mji wetu wa San Antonio kama sisi, wenye damu ya Wahispania na ya wenyeji wa kale. Anaandika pia juu ya wanaume wanaopendana, kama yeye na Evaristo wake. Kumbi hujaa. Mama hakuwa amewahi kwenda hata mara moja.

"Hayo ni mambo ya wasomi," alikuwa akisema. Naye Evaristo, Mama alimwita tu "yule mwenzake". Kaka alikuwa anaumia, nami niliumia kwa ajili yake.

Mwaka mmoja aliandika mchezo juu ya mama anayemfukuza mwanawe kwa kupenda mwanamume. Waigizaji wakalalamika kwamba mama huyo hana uhai. Casimiro akaenda kwa jirani yetu, Bibi Zenaida, mwigizaji wa zamani.

"Umemsomea mama yako?" bibi akauliza.

"Ataondoka, bibi."

"Msomee siku ya tamale. Aende wapi na unga hadi viwikoni? Ukimaliza, nyamaza. Mwandishi akianza kujitetea, hasikii tena."

Basi akasoma. Mvuke wa sufuria ulifunika madirisha, na jiko likawa kama linaelea mawinguni. Mama alikanda polepole, kama mtu anayeota.

"Huyo mama ni nani?" akauliza mwishowe.

Casimiro akanyamaza.

"Maana mimi sikukufukuza siku ile ulipomleta mwenzako. Nilijifungia chumbani. Niliogopa watu watakupiga huko nje, nikakosa la kusema. Halafu nikasema nini, Elodia?"

"Ulisema, 'Mwambie yule mwenzake aingie, chakula kinapoa,'" nikamjibu.

"Ndiyo hivyo. Andika hivyo. Na huyo mama mvalishe aproni, anapikaje na gauni la kanisani?"

Kaka alicheka huku machozi yakimtoka. Akaandika upya.

Mchezo ulipoonyeshwa, mama alikaa mstari wa mbele, kati yangu na Evaristo. Jukwaani, mwanamke mwenye aproni alifungua mlango. Mwanga laini ukamwagika hadi miguuni petu.

"Mwambie yule mwenzake aingie," akasema. "Chakula kinapoa."

Mama akamgusa Evaristo begani.

"Nenda, mwanangu," akamnong'oneza. "Unaitwa."