Kibao cha Nyumba ya Kona

Kitu cha kwanza alichokiona mtoto wa fundi cherehani kilikuwa ngazi. Ngazi ya mawe ya kuingilia nyumba ya kona ilikuwa na vipandio saba, na vyote vimelika upande mmoja tu, upande wa ukutani. Upande wa pili mawe yalikuwa mazima kama yamewekwa jana. Kila asubuhi akienda shuleni alijiuliza ni watu gani hao waliopanda wakiwa wameukumbatia ukuta, ilhali ngazi ilitosha kupitisha watu watatu sambamba. Alijiuliza kimoyomoyo. Hakumwuliza mtu.

Hakuwa mtu wa kuuliza. Darasani alijibu akiitwa, tena kwa sauti ya kumnong'oneza sisimizi. Wenzake wakambandika jina la Redio kwa mzaha, na jina likaganda, hata mama yake, fundi cherehani, alimwita hivyo akiwa na haraka. "Redio yetu haina betri," walisema wakati wa mapumziko, naye akatabasamu huku akiangalia viatu vyake. Ila hakuna aliyemshinda kwa mwandiko. Herufi zake zilisimama wima, zimepangana kama wanafunzi kwenye mstari wa asubuhi.

Muhula huo Chama cha Nyumba za Zamani kilikuja shuleni. Kilikuwa chama kidogo cha watu wa mtaani: karani wa posta aliyestaafu, ambaye ndiye aliyekuwa katibu, seremala mmoja, mwashi mmoja, na akina mama kadhaa waliochoka kuona nyumba za babu zao zikigeuzwa kifusi. Waliziba nyufa, walibadilisha mbao zilizooza, na juu ya kila mlango walipigilia kibao chenye habari fupi ya nyumba ile.

Katibu alikuwa mzee mwembamba mwenye kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia na moja, alisema, ya kuazimwa na wasioirudisha. Aliwaeleza wanafunzi kwamba nyumba zilizobaki ni kumi na nne. Kila mmoja wao angepewa nyumba moja na mzee wa kumwendea. Kazi yao ni kuuliza, kusikiliza na kuandika ukurasa mmoja. Chama kilikuwa na kanuni, alisema: habari haipandi kibaoni mpaka mashahidi wawili waiseme sawa.

Redio alipewa nyumba ya kona. Alifurahi, kisha akasoma jina la mzee wa kumwendea, furaha ikamtoka kama maji kwenye kikapu. Ni bibi aliyezaliwa katika nyumba ile, ambaye sasa aliishi kwa mjukuu wake ng'ambo ya barabara. Watoto walimwita Bibi Pilipili. Ilisemekana aliwahi kukata mpira wa watoto vipande viwili kwa kisu cha jikoni, ingawa hakuna aliyewahi kuviona vipande vyenyewe.

Siku ya kwanza Redio alifika mlangoni kwa Bibi Pilipili, akainua mkono abishe, akasikia mtu anakohoa ndani, mkono ukashuka. Siku ya pili alifika, akakaa akisoma namba ya mlango mpaka akaikariri, akaondoka. Siku ya tatu mlango ulikuwa wazi nusu. Aliona mguu wa kiti, na mguu wa mtu uliovaa soksi nyeupe, umetulia kama unaosubiri. Alirudi nyumbani mbio, daftari limebanwa kwapani, ukurasa mweupe vilevile.

Jioni ile aliujaza. Aliandika kwamba nyumba ilijengwa na tajiri wa vitambaa, kwamba chumba cha chini kilikuwa ghala, na kwamba ngazi ililika upande mmoja kwa sababu wapagazi waliegemea ukutani wakipandisha mizigo. Alijiambia kwamba kama si kweli, inafanana na kweli. Alipomaliza, hata yeye mwenyewe aliiamini kidogo.

Katibu aliusoma ukurasa ule mbele ya darasa amesimama. Alisifu mwandiko, kisha akasifu zaidi habari ya ngazi. Alisema amepita pale miaka sitini bila kuiona, kumbe macho mawili madogo yameiona. Darasa likapiga makofi. Maneno ya kweli yalimfika Redio kooni, yakakwama hapo kama mwiba wa samaki. Kadiri makofi yalivyozidi, ndivyo yalivyozama, mpaka yakarudi tumboni.

Siku zikapita. Jumatatu moja katibu alirudi kuwatangazia kwamba Jumamosi vibao vingezinduliwa, wazazi wote wakaribishwe. Nyumba ya kona, alisema, ingependeza kuliko zote, kwa kuwa seremala angeupiga randa mlango wa ghala na kuondoa alama za mkaa za kuhesabia magunia, ung'ae. Redio aliposikia habari za magunia alihisi masikio yanamchoma. Hakuwahi kuandika habari za alama za mkaa. Uongo wake ulikuwa umeanza kuzaa wenyewe.

Alhamisi, akitoka shuleni, alikikuta kibao kimeshapigiliwa juu ya mlango. Ng'ambo ya barabara alisimama Bibi Pilipili na fimbo yake, ameinua kidevu.

"Wewe mtoto wa fundi cherehani, hebu njoo."

Redio alivuka barabara, akamwamkia kwa sauti ambayo hata yeye hakuisikia.

"Macho yangu hayafiki kule juu," bibi alisema. "Nimeambiwa wameandika habari za kwetu. Nisomee, na usiruke hata neno."

Redio angeweza kusoma chochote. Bibi asingejua. Wazo hilo lilimpitia, akalitazama likipita, akasoma kama ilivyoandikwa: tajiri wa vitambaa, ghala, wapagazi. Alipomaliza, bibi alishusha kidevu.

"Tajiri gani?" aliuliza. Hakuwa na hasira. Alionekana kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta kufuli jipya. "Baba yangu alikuwa mwashi. Aliijenga kwa mikono yake, Ijumaa moja moja, miaka tisa. Na mama alikuwa mkunga. Chumba cha chini ndipo wanawake walipojifungulia. Nusu ya mtaa huu ililia mara ya kwanza mle ndani."

Akaeleza kwamba wanawake walipanda ngazi mkono mmoja ukutani, mkono mmoja tumboni, wakipumzika kila kipandio, hata jiwe likachoka upande huo. Na nyuma ya mlango wa chumba kile mama yake alichora mstari wa mkaa kwa kila mtoto aliyempokea. Aliyeishi, mstari mrefu. Asiyeishi, mfupi. Hakumwacha hata mmoja.

Hapo ndipo sauti ilipotoka ndani ya nyumba ya kona. Shwaa. Shwaa. Ilikuwa sauti ya randa juu ya mbao.

Redio hakukumbuka baadaye alivyovuka barabara. Alichokumbuka ni mlango umelazwa juu ya meza mbili, seremala ameuinamia, katibu kando yake na faili lake.

"Msiupige randa," alisema. "Tafadhali, acheni."

Seremala aliinua kichwa akacheka. "Lo, leo Redio imeshika stesheni."

"Si magunia. Ni watoto. Bibi amesema ni watoto." Pumzi ilimwishia, akaitafuta, akaipata. "Na tajiri hakuwepo. Nilimtunga. Sikumwuliza mtu yeyote. Nilitunga yote."

Seremala aliacha kucheka. Katibu alivua miwani, akaifuta kwa shati, ingawa haikuwa na vumbi. Mlango ule ulikuwa na mistari mamia kwa mamia, safu chini ya safu. Lakini sehemu ya juu, upana wa viganja viwili, ilikuwa imeshakuwa nyeupe, na mistari yake ilikuwa maranda sakafuni.

Walisikia fimbo ikigonga ngazi. Bibi alikuwa akipanda polepole, bega lake likiteleza ukutani, mguu wake ukijua pa kukanyaga. Alipofika aliupapasa mlango, na kidole kilipofika penye weupe kikasimama.

"Nani amefanya haya?"

"Mimi, Bibi," Redio alisema, machozi yakimtoka.

"Na mimi," katibu akasema. "Kanuni ya mashahidi wawili niliiandika mwenyewe, nikairuka mwenyewe. Mchora vibao alinisubiri, siku zilibana, nikaona mwandiko mzuri nikadhani ni shahidi wa pili. Huyu ni mtoto. Mimi nina mvi."

Bibi aliangalia maranda, kisha mtoto. Redio alisubiri fimbo, au maneno makali kuliko fimbo. Bibi alishusha pumzi akakaa juu ya sanduku la zana.

"Mama yangu alikuwa na msemo wa kuwaambia waliokuja wamejifunikafunika kwa aibu," alisema. "Mficha uchi hazai. Haya, umeshajifunua. Sasa shika kalamu tufanye kazi."

Jumamosi ile hapakuwa na uzinduzi. Katibu alizunguka mtaani nyumba kwa nyumba akiwaeleza watu kwamba kosa limefanyika na kibao kinashushwa. Hakumtaja mtoto, lakini Redio alijitaja mwenyewe darasani, amesimama. Walioanza kucheka waliona mwalimu hacheki, wakanyamaza. Nyumbani mama yake alimsikiliza bila kusimamisha cherehani, kisha akaisimamisha. Alimwambia njia ya mwongo ni fupi, na kwamba ya kwake, kwa bahati, imekatika kabla ya mlango mzima kuisha. Akamfutia machozi kwa kipande cha kitambaa kilichokuwa karibu, ambacho kilikuwa mfuko wa suruali ya mteja.

Kwa wiki mbili, kila alasiri, Redio alikwenda kwa bibi. Alikaa kwenye kigoda, bibi kitini, na habari zikatiririka. Bibi alikuwa na vichekesho kuliko mtu yeyote aliyemjua. Alimsimulia mwanamke aliyefika akiwa ameshika sufuria, kwa kuwa uchungu ulimkuta anaosha vyombo, na mumewe akakesha nje akiikumbatia sufuria ile kama ndiye mtoto mwenyewe. Siku ya kwanza tu ndipo alipotamka neno lililomchoma Redio. Alisema mwalimu alimwarifu kwamba atatembelewa na mwanafunzi, naye akavaa vizuri, akakaa siku tatu, mtoto asitokee. "Mbona hukuja?" aliuliza. Redio aliinamia daftari akajifanya anamalizia sentensi. Bibi hakuuliza tena.

Shahidi wa pili alikuwa mama yake seremala, mzee mwenzake bibi. Alithibitisha yote, kisha akamwonyesha mwanawe mstari mmoja mrefu katika safu ya tisa, uliokuwa umebakiwa na vidole vinne tu kufikiwa na randa.

"Huo ni wewe," alimwambia.

Seremala aliutazama sana. "Kumbe nilikuwa mbioni kujifuta mwenyewe," alisema, na tangu hapo hakumtania mtu kuhusu redio.

Kwa ile sehemu iliyokwanguliwa, bibi aliwakumbuka saba, aliowahi kusimuliwa na mama yake. Wengine hawakukumbukwa na yeyote. Mwashi alishauri wachore mistari mipya kwa mkaa, maana nani angejua? Katibu alikataa. Alisema wakichora watakuwa wanatunga tena, na palipofutika paonekane pamefutika. Mlango ukarudishwa mahali pake na kipande chake cheupe.

Siku ya uzinduzi watu walijaa ngazi nzima. Kibao kipya kilisema nyumba ilijengwa na mwashi na kukaliwa na mkunga, na mstari wa mwisho ulieleza wazi kwamba sehemu ya alama ilipotea kwa uzembe wa chama. Baadhi ya wanachama walitaka mstari huo utolewe. Katibu alisema ukitolewa, naye atoke.

Kisha akawaita wanafunzi mbele. "Ukuta ukipasuka, mwashi anauziba," aliwaambia. "Mbao ikioza, seremala anabadilisha. Lakini habari ya watu ikiharibika hakuna fundi wake. Dawa ni moja: ukiwa huna habari, nenda kaulize, na ukiwa umekosea, sema mapema, randa ikiwa bado iko juu. Mwenzenu alisema. Alichelewa, lakini alisema, na ndiyo maana leo tuna mlango wa kuwaonyesha."

Watu waliingia kutazama. Wazee walitafuta mistari yao, wakabishana, wakacheka. Mwanamke mmoja alisimama muda mrefu mbele ya mstari mfupi, akaugusa, akatoka, na watu wakampisha.

Nje, Redio alimkuta bibi ameketi peke yake kwenye kipandio cha chini, anapunga hewa. Alikaa karibu naye. Bibi alikuwa amezoea ukimya wake na hakuusukuma.

"Bibi," Redio alisema.

"Naam, mjukuu wangu."

"Nilikuja. Siku zote tatu nilikuja, nikafika mpaka mlangoni. Nilikuogopa."