Satelaiti na Mtaro wa Kwahani

Kila alasiri, akisharudi kutoka chuo cha Kurani, Mwatum alitundika mkoba wake ukutani akashika ufagio. Masika yale kazi yake ilikuwa kuusafisha mtaro uliopita nyuma ya nyumba yao, hapo Kwahani, Ng'ambo ya mji wa Unguja: kuzoa makumbi ya nazi, majani na kila kinachozuia maji.

Lakini siku ile akili yake haikuwa mtaroni. Asubuhi, skuli, Mwalimu Bakar aliwaeleza habari za satelaiti, vyombo vinavyoizunguka dunia huko juu na kupiga picha za mawingu.

"Miji ya siku za mbele," alisema, "itaonywa kabla mvua kubwa haijanyesha. Wajenzi watatazama picha kutoka juu, wajue wapi maji hutuama, wasijenge hapo."

Mwatum akakaa uani na rafiki yake Kurwa, wakauchora mchangani mji huo, na barabara zake na mabustani yake, hata magharibi ikaingia.

"Mwatum, mtaro ushausafisha?" mama yake, Bi Shemsa, aliuliza kutoka jikoni.

"Nshausafisha, mama."

Alfajiri mvua ikaanguka, si ya mchezo. Maji yalipokosa njia yalirudi nyuma, yakaingia kwa jirani yao, Bi Mwanakhamis, mwenye mtoto mchanga. Ukuta wa udongo wa jiko lake ukaporomoka. Godoro lilirowa chapachapa, na mtoto akawa anatetemeka mikononi mwa mama yake.

Watu walikusanyika, wote wakamgeukia Mzee Mjaka, seremala wa mtaa.

"Maranda yako hayo, Mzee Mjaka! Ndiyo yaliyoziba!"

"Wallahi, maranda yangu nayatia guniani," alijibu mzee. Hakuna aliyemsikiliza. Mmoja alimwambia ahame.

Mwatum alimtazama yule mtoto, akajipenyeza katikati ya watu.

"Si yeye! Ni mimi. Jana sikuusafisha mtaro, na mama nkamdanganya."

Bi Shemsa aliinamisha uso kwa haya. Mwatum hakungoja kufokewa. Alishuka mtaroni, maji yakamfika magotini, akaanza kuyavuta makumbi kwa mikono. Mzee Mjaka, ambaye bado hakuna aliyemtaka radhi, akaja na beleshi akamsaidia. Taratibu maji yakaanza kwenda.

Mtoto alishikwa na homa, akapelekwa hospitali. Baada ya siku kadhaa akarudi mzima.

Mwalimu Bakar alimkuta Mwatum na mama yake kwa Bi Mwanakhamis, wakikandika upya ukuta wa jiko.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Mwalimu, tungekuwa na satelaiti, ingetuokoa?"

"Ingetuonya, mwanangu, na kuonywa ni neema kubwa. Lakini baada ya onyo, mtu ataulizwa: njia ya maji iko wazi? Akisema uongo, chombo kilicho juu ya mawingu hakitamfaa kitu jirani yake. Mji wa kesho utataka elimu, Mwatum, na utataka watu wakweli wa kuitumia."