Ombi Lisilo na Vipimo

Jioni seremala alifunga karakana, akakung'uta vumbi la mbao na kurudi nyumbani. Mlango ulilia alipousukuma. Mama yake alikuwa ameketi dirishani, ameupa mlango mgongo. Akamwamkia. Kimya. Akazunguka mbele yake, akaamkia tena.

"Marahaba, mwanangu," mama akasema kwa sauti kubwa. "Unaingia kama paka."

Kifaa chake cha kusikia, kidogo kama harage, kilikuwa kimezima tangu mwanzo wa mwezi. Tangu hapo mama aliacha kukaa na watu. Mazungumzo yakinoga, alicheka baada ya wengine kucheka, wala hakujua wanacheka nini. Asubuhi ile pikipiki ilimpigia honi barabarani, naye akaendelea kutembea taratibu. Mkwewe ndiye aliyemvuta mkono. Pikipiki ilipita karibu mno.

Kitengo cha masikio kilikuwa katika hospitali ya mji mwingine, na miadi ilitolewa kwa baruapepe tu. Seremala alikuwa ameshaandika.

"Wamejibu?" mkewe akauliza.

"Wamejibu."

"Wamesemaje?"

"Wamesema asante kwa salamu."

Jirani yao alikuwa amekuja kuchukua kiti alichokuwa ametengenezewa. Alikuwa karani wa ofisi ya maji, na kila asubuhi kazi yake ya kwanza ilikuwa kufungua baruapepe za wateja. Akaomba kuiona hiyo iliyotumwa. Seremala akampa simu.

Pale pa kichwa cha habari paliandikwa "Salamu". Kisha seremala aliwajulia hali wafanyakazi wote wa hospitali na familia zao. Akaeleza jinsi mama yake alivyomlea peke yake, jinsi alivyopata kifaa, na kwamba siku hizi mambo si mazuri. Alimalizia hivi: "Ni mimi, mtoto wa mama huyo."

"Fundi," karani akasema, "hapa umeomba nini?"

"Si inaonekana?"

"Nionyeshe kwa kidole."

Seremala alipandisha maneno kwenye kioo cha simu, akayashusha. Kidole hakikupata pa kutua. Akajitetea kwamba mtu haingii nyumba ya watu akaanza kuomba. Unasalimu, unakaa, kisha mwenyeji anakuuliza, haya, kuna habari gani? Yeye alikuwa anangoja kuulizwa.

Mkewe akacheka. "Hata mimi alinizungukia hivyo hivyo. Ikabidi nimuulize mwenyewe anataka nini."

Karani naye akacheka, lakini hakuliacha jambo lenyewe. "Baruapepe haina mwenyeji, Fundi. Anayeisoma hauoni uso wako, na nyingine nyingi zinamngoja. Mteja akikwambia anataka kitu cha kukalia, utaanza kukata mbao?"

"Nitamwuliza vipimo."

"Basi na wao wape vipimo."

Wakaketi mezani. Karani alimwambia aanze na kichwa cha habari, maana hicho ndicho kinachosomwa kwanza. Kisha ombi, kabla ya hadithi yoyote. Seremala akaandika polepole:

Kichwa: Ombi la miadi: kifaa cha kusikia kimeharibika

Habari zenu. Naomba miadi ili mama yangu atengenezewe kifaa chake cha kusikia. Kimezima kabisa tangu mwanzo wa mwezi huu. Tumebadilisha betri, bado hakifanyi kazi. Nimeambatisha picha ya kifaa. Tunaweza kuja siku yoyote ya kazi. Tafadhali nijulisheni tarehe na vitu tunavyotakiwa kuja navyo. Asante.

Chini akaweka jina kamili la mama, namba ya kadi yake ya hospitali, jina lake mwenyewe na namba ya simu.

Aliitazama kwa mashaka. Akasema ni kavu, wataona hana adabu.

"'Habari' imo, 'tafadhali' imo, 'asante' imo," karani akajibu. "Kutompotezea mtu wakati nako ni adabu. Sasa isome kwa sauti kabla hujaituma."

Akasoma. Alipofika kwenye picha, mkewe akamkatiza. "Picha yenyewe iko wapi?"

Haikuwemo. Akaipiga, akaiambatisha, akatuma.

Kesho yake mchana jibu lilifika karakanani. Walipewa tarehe ya wiki ileile, wakaambiwa waje na kadi na kifaa. Seremala alisoma mara mbili, akaketi juu ya rundo la mbao. Hakujua kwamba alikuwa amechoka kiasi kile.

Hospitalini mtaalamu alikuta unyevu umekula waya mmoja. Akaubadilisha, akamrudishia mama kifaa sikioni.

Siku iliyofuata seremala alirudi kutoka kazini kama kawaida. Mama alikuwa dirishani, ameupa mlango mgongo. Seremala akasukuma mlango, akaamkia kwa sauti ya chini kabisa.

"Marahaba," mama akasema bila kugeuka. "Na huo mlango unalia hivyo tangu lini? Seremala mzima, umeshindwa kuutia mafuta?"